Ukiondoa nyama, unaweka nini? Hesabu ya protini kwa asiyekula nyama

Mtu akitamka tu kwamba ameacha nyama, huulizwa papo hapo: "Sasa protini utaitoa wapi?" Anayeuliza mara nyingi hajawahi kuhesabu protini anayokula yeye mwenyewe, lakini swali lake si la kipuuzi. Wapo walioacha nyama wakanawiri. Wapo pia walioacha wakakonda, wakachoka, wakairudia baada ya miezi michache wakiapa kwamba mwili wa binadamu haukuumbwa kuishi bila nyama. Ukiwachunguza hao wa pili walichokuwa wakila, mara nyingi utakuta kosa halikuwa kuiondoa nyama. Kosa lilikuwa kuliacha pengo lake wazi, au kulijaza kwa kisichofaa.

Lugha yetu nayo ina lawama kidogo. Asiyekula nyama tunamwita mla mboga, na neno mboga lina utata wake. Kwa wasemaji wengi mboga ni chochote kinachosindikiza chakula kikuu, hata nyama na samaki. Kwa wengine mboga ni majani basi. Hawa wakisikia "mla mboga" huona mtu ameketi mbele ya rundo la majani, na wapo wanaoacha nyama wakiwa na picha hiyohiyo kichwani: wanatoa nyama, wanaongeza mchicha. Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Majani ni mazuri kwa mambo mengi, lakini hayawezi kukaa kwenye kiti cha nyama. Kinachoweza kukikalia ni jamii ya kunde: maharagwe, dengu, adesi, choroko, mbaazi, njegere, kunde zenyewe, soya, na hata karanga, ambayo tunaihesabu pamoja na korosho ilhali ni ndugu wa maharagwe.

Kwa makala hii, mla mboga ni yule asiyekula nyama wala samaki. Wengi wa hao wanakula mayai na maziwa. Asiyegusa chochote kitokacho kwa mnyama anaitwa vegani, neno lililobuniwa Uingereza mwaka 1944. Tofauti hii ina uzito, na tutairudia, kwa sababu mwenye mayai na maziwa ana njia fupi kuliko vegani.

Ng'ombe naye hali nyama

Protini ni minyororo ya vitu vidogo vinavyoitwa asidi amino. Kuna aina 20 zinazojenga protini za mwili wetu. Kumi na moja kati ya hizo mwili wa mtu mzima unaweza kujitengenezea. Tisa hauwezi, ni lazima ziingie kwa chakula: histidini, isolusini, lusini, laisini, methionini, fenilalanini, thrionini, triptofani na valini. Tukisema protini "ya kutosha" tunasema mambo mawili kwa pamoja: jumla yake itoshe, na kila moja ya hizi tisa itoshe. Mshonaji mwenye jora zima la kitambaa na vifungo vya mashati matatu atamaliza mashati matatu tu. Kitambaa kilichobaki hakimsaidii. Mwili pia ukiishiwa asidi amino moja kati ya tisa, nyingine hugeuka nishati na kuungua.

Kuna imani kwamba mimea inakosa baadhi ya hizi tisa. Si kweli. Mimea ndiyo inayozitengeneza, pamoja na bakteria. Ng'ombe hali nyama, na nyama yake imetokana na majani na vijidudu vilivyojaa tumboni mwake. Karibu kila chakula cha mmea kina zote tisa. Tofauti iko kwenye uwiano. Nafaka, yaani ngano, mchele, mahindi na wenzao, zina laisini kidogo. Jamii ya kunde ina laisini tele lakini methionini yake ni haba. Nyama, mayai na maziwa vina uwiano ulio karibu na ule tunaouhitaji, ndiyo sababu mla nyama hahitaji kufikiri.

Ukitaka kukumbuka neno moja tu katika makala hii, liwe laisini. Kwa asiyekula nyama, hicho ndicho kifungo kinachokwisha kwanza. Makadirio ya mwaka 2007 ya Shirika la Afya Duniani, WHO, pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, yanampa mtu mzima miligramu 30 za laisini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji basi gramu 1.8. Gramu 200 za adesi zilizopikwa zinampa zaidi ya gramu 1. Gramu 300 za wali zinampa kama theluthi ya gramu. Ndiyo maana narudia: mahali pa nyama panataka kunde.

Hofu hii ilitoka wapi

Neno protini liliingia kwenye maandishi ya sayansi mwaka 1838 kupitia Mholanzi Gerardus Johannes Mulder, aliyelipokea kutoka kwa Msweden Jöns Jacob Berzelius. Limetoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya kilicho cha kwanza, na kweli kwa miaka mingi protini ilitukuzwa kuliko vyakula vyote. Mkemia mkubwa wa Ujerumani, Justus von Liebig, alifundisha kwamba protini ndiyo kuni ya misuli: ukifanya kazi, misuli inajila, na protini unayokula inaziba. Kwa nadharia hiyo mtu wa kazi ngumu bila nyama nyingi angekwisha kama mshumaa.

Mwaka 1865 maprofesa wawili wa Zürich, Adolf Fick na Johannes Wislicenus, waliamua kulijaribu hilo kwa miguu yao. Walipanda mlima Faulhorn huko Uswisi, wakienda juu karibu mita 1,956 kutoka ziwani, na chakula chao kabla na wakati wa safari kilikuwa wanga, mafuta na sukari tu, bila protini. Walikusanya mkojo wao wote. Protini inapovunjwa mwilini naitrojeni yake hutoka kwenye mkojo, hivyo ukipima naitrojeni unajua protini kiasi gani imetumika. Hesabu ilipofanywa, protini waliyoivunja isingetosha hata nusu ya kazi ya kuinua miili yao hadi kileleni. Kuni za misuli zilikuwa wanga na mafuta. (Sijui ni wangapi leo wanaobugia unga wa protini kabla ya mazoezi wakitafuta "nguvu" wanajua kwamba suala hilo lilifungwa mlimani zaidi ya karne moja na nusu iliyopita.)

Halafu wakaja panya. Mwaka 1914 Thomas Osborne na Lafayette Mendel wa Marekani walionyesha kwamba panya wachanga waliolishwa protini za nafaka fulani peke yake walidumaa, na wakiongezewa laisini wanakua. Ugunduzi huo ulikuwa sahihi na mkubwa, lakini uliacha nyuma yake mgawanyo uliokaa vichwani mwa watu: protini ya mnyama ni "daraja la kwanza", ya mmea "daraja la pili". Kilichosahaulika ni kwamba panya mchanga hukua kwa kasi ambayo mtoto wa binadamu haikaribii, na maziwa ya panya yana protini mara kadhaa ya maziwa ya mama, ambayo yana kama gramu 1 tu katika mililita 100. Kinachomdumaza panya si lazima kimpungukie mtu mzima.

Fundo la mwisho lilifungwa mwaka 1971, pale kitabu kilichouzwa sana Marekani kilipowashawishi watu waache nyama, lakini kikawapa sharti: katika kila mlo nafaka ichanganywe na kunde kwa vipimo maalumu, ili asidi amino zikamilishane sahanini. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake wengi waliona kula bila nyama ni kama kusoma kemia kila saa ya chakula. Mwandishi mwenyewe aliikana sehemu hiyo katika toleo la 1981, na mwaka 1988 chama cha wataalamu wa lishe wa Marekani nacho kikalegeza: kuchanganya ndani ya mlo mmoja si lazima, aina mbalimbali kwa siku nzima zinatosha.

Sababu ya kutosha ni hii. Mwili wa mtu mzima huvunja na kujenga upya gramu 250 hadi 300 za protini zake kila siku, zaidi sana ya kile anachokula. Ukuta wa utumbo, vimeng'enya vya kumeng'enyea chakula na misuli vyote vinatoa na kupokea asidi amino muda wote. Laisini ya maharagwe ya mchana hukuta methionini ya mkate wa asubuhi bado inazunguka. Hata hivyo, sishangai kwamba watu wa sehemu nyingi za dunia, bila kupima chochote, walizoea kula nafaka na kunde pamoja. Ulimi ulifika kabla ya maabara.

Alama ya ubora wa protini inayotumika kulinganisha vyakula ina faida na ina mtego. FAO na WHO waliipitisha mwaka 1991: chakula hupewa alama hadi 1 kwa kutazama asidi amino iliyo haba na jinsi kinavyomeng'enywa. Soya iliyosafishwa hufika karibu na 1, ngano hubaki chini ya nusu. Mwaka 2013 FAO ilipendekeza kipimo kipya kilicho makini zaidi. Mtego ni kwamba vyote hukipima chakula kana kwamba ndicho pekee utakachokula. Hakuna anayeishi kwa ngano tupu, na kama yupo ana matatizo zaidi ya laisini.

Kiasi gani kinatosha

Kwa mtu mzima mwenye afya, kipimo kinachotumika zaidi ni gramu 0.8 hadi 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Tayari kina nafasi ya ziada ndani yake, kwa kuwa wastani wa mahitaji ni kama 0.66. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 50. Protini ya kunde na nafaka nzima humeng'enywa pungufu kidogo kuliko ya yai au maziwa, kwa hiyo vegani anafanya busara akiongeza kidogo. Nikilazimishwa kumpa namba moja ya kukumbuka, nitasema gramu 1 kwa kilo. Ni rahisi kuhesabu na inasamehe makosa.

Wako wanaohitaji zaidi. Mjamzito huongezewa, hadi karibu gramu 1.1 kwa kilo. Wataalamu wa afya ya wazee wanapendekeza 1.0 hadi 1.2, kwa sababu misuli ya mzee haiitikii chakula upesi kama ya kijana. Wanamichezo huambiwa 1.2 hadi 2.0 kulingana na mazoezi yao. Na hapa kuna habari njema kwa wanyanyua vyuma: utafiti wa Brazil uliochapishwa mwaka 2021 uliwalinganisha vijana wa kiume vegani na wala nyama kwa wiki 12 za mazoezi, wote wakifikishwa gramu 1.6 kwa kilo, vegani wakisaidiwa na unga wa soya. Misuli na nguvu viliongezeka sawa. Misuli haikuuliza protini imetoka wapi ilipokuwa nyingi ya kutosha.

Soya inanikumbusha uvumi ambao nashangaa bado unaishi, kwamba wanaume wakila soya homoni zao zinageuka. Chanzo chake ni kwamba soya ina vitu vinavyofanana kidogo na homoni ya kike estrojeni. Majumuisho ya tafiti nyingi, ya mwaka 2010 na tena 2021, hayakuona badiliko lolote katika testosteroni ya wanaume. Kama huipendi soya, iache kwa sababu ya ladha.

Jambo moja watu hulisahau: protini inafanya kazi ya kujenga pale tu ambapo nishati inatosha. Ukila kidogo mno kwa jumla, mwili utaichoma protini kama kuni, hata ile nzuri. Wengi wanaodhoofika baada ya kuacha nyama wamepunguza chakula chote bila kujua, maana majani yanajaza tumbo upesi na yana kalori chache.

Siku mbili

Tumchukue mtu wa kilo 60, tumwandalie siku mbili, zote bila nyama.

Siku ya kwanza anaamka na chai isiyo na maziwa na vipande viwili vya mkate wenye siagi ya mimea: gramu 7 za protini. Mchana viazi vya kuchemsha gramu 300 na mchicha uliopikwa gramu 100: gramu 6 na gramu 3. Jioni wali gramu 300 na kabichi: gramu 8 na 1. Katikati ya siku ndizi moja na nusu ya parachichi: gramu 3. Jumla gramu 28. Ameshiba, sahani zake ni safi, hakuna aliyemwona akila kitu kibaya, na amepata nusu tu ya protini anayohitaji. Laisini nayo imebaki chini. Akiishi hivi mwaka mzima, atawapa haki wote waliomuuliza swali la protini.

Siku ya pili, asubuhi uji wa shayiri kutoka gramu 60 za shayiri kavu, na bilauri ya maziwa: gramu 8 na gramu 8. Mchana maharagwe yaliyopikwa gramu 200 na wali gramu 200: 17 na 5. Baadaye kiganja cha karanga, gramu 30: kama 7. Jioni mayai mawili na vipande viwili vya mkate: 12 na 7. Jumla gramu 64, na laisini inapita gramu 3. Akiwa vegani, maziwa yanakuwa maziwa ya soya na mayai yanakuwa kipande cha tofu, jibini ya soya, cha gramu 100. Jumla haitikisiki sana.

Tazama mkate na wali vilivyochangia. Hakuna anayeviita vyakula vya protini, lakini siku ya pili vimeleta gramu 12, na shayiri 8. Haba na haba hujaza kibaba, ilimradi pawe na kunde ya kuleta laisini. Mwenye kutegemea zaidi mizizi, kama viazi vitamu na mihogo, ndiye anayetakiwa kuwa mwangalifu kupita wote. Muhogo una protini gramu 1 na kitu hivi katika gramu 100, kwa hiyo hauchangii karibu chochote, na kunde lazima ziongezeke kwenye sahani.

Majani na uyoga vinastahili haki yao pia. Utasikia kwamba nusu ya kalori za mchicha ni protini, kwa hiyo mchicha unashinda nyama. Kimahesabu ni kweli, lakini kalori zenyewe ni chache mno: ili kupata gramu 50 ungekula zaidi ya kilo moja na nusu ya mchicha uliopikwa. Uyoga ni vivyo hivyo. Unafanana na nyama mdomoni, na wengi huuweka badala yake, kumbe una gramu 3 tu kwa 100. Karanga zina tatizo la upande mwingine. Gramu 26 kwa 100 ni nyingi kweli, lakini ukitaka gramu 50 kutoka kwa karanga peke yake utakuwa umekula zaidi ya kalori 1,000. Ni kiungo kizuri cha kusindikiza, si nguzo. Na spirulina, ule unga wa kijani unaosifiwa kwamba zaidi ya nusu yake ni protini: kijiko kimoja cha mezani kina kama gramu 4. Nani anakula vijiko kumi?

Maji ndani ya maharagwe

Kuna ulinganisho unaozunguka sana: maharagwe gramu 100 yana protini gramu 22, nyama ya ng'ombe gramu 100 ina karibu hivyohivyo, kwa hiyo ni sawa. Namba ni sahihi. Hitimisho si sahihi, kwa sababu hayo ni maharagwe makavu na nyama mbichi, na hakuna anayekula chochote kati ya hivyo. Vikipikwa vinakwenda njia tofauti. Maharagwe yanakunywa maji hadi uzito wake unazidi mara mbili, na gramu 100 sahanini zinabaki na protini gramu 8 au 9. Nyama inapoteza maji, na gramu 100 zinapanda hadi kama 27. Kwa hiyo vijiko viwili vya maharagwe pembeni mwa wali si badala ya kipande cha nyama. Bakuli ndiyo badala.

Bakuli hilo linaleta swali ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini: gesi. Kunde zina sukari fulani ambazo utumbo wetu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, basi bakteria wa utumbo mpana huzila wao na kutoa hewa. Kuloweka usiku kucha na kumwaga maji ya kulowekea hupunguza sukari hizo. Kuanza kidogo na kuongeza wiki hadi wiki husaidia zaidi, kwa kuwa bakteria nao huzoea. Adesi na choroko huwasumbua wengi kwa uchache kuliko maharagwe makubwa.

Lakini kuloweka na kuchemsha si suala la gesi tu. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya asili, aina ya lektini, na punje chache zisizoiva zinatosha kumtapisha mtu vibaya. Ushauri ni kuloweka angalau saa 5, kumwaga maji, kisha kuchemsha kwa moto mkali kwa angalau dakika 10, na wengine wanashauri 30, kabla ya kuacha yaive taratibu. Vyungu vya umeme vya kupikia polepole havifiki joto la kutosha kuivunja sumu hiyo, na maharagwe yaliyopashwa moto wa wastani yanaweza kuwa mabaya kuliko mabichi. Joto hilohilo la kuchemka huvunja pia vizuizi vya vimeng'enya, hasa kwenye soya, ili protini imeng'enyeke.

Kisichopatikana kwenye mmea wowote

Kama ningekuwa namuuliza swali mtu aliyeacha nyama, nisingeuliza protini. Ningeuliza B12.

Vitamini B12 hutengenezwa na bakteria tu. Wanyama huipata kutoka kwa bakteria walio tumboni mwao au kwenye chakula chao, ikabaki kwenye nyama, maini, maziwa na mayai. Mimea haiihitaji wala haina. Historia yake inaanzia kwenye ugonjwa wa upungufu wa damu uliokuwa ukiua: mwaka 1926 George Minot na William Murphy wa Marekani waliwatibu wagonjwa kwa kuwalisha maini kwa wingi, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1934 pamoja na George Whipple. Kiini chenyewe kilitenganishwa mwaka 1948, na umbo lake likafumbuliwa na Dorothy Hodgkin kwa eksirei mwaka 1956.

Mahitaji ni madogo ajabu, mikrogramu 2.4 kwa siku kwa mtu mzima, na ini lina akiba inayoweza kudumu miaka. Akiba hiyo ndiyo inayowadanganya watu. Mtu anaacha vyote vya mnyama, mwaka wa kwanza yuko imara, wa pili imara, anaanza kuwacheka wanaomeza tembe. Upungufu ukija huja na uchovu, ganzi ya miguu na mikono, usahaulifu. Ubaya zaidi ni kwamba foleti, vitamini nyingine ya kundi la B ambayo kunde na majani vimeijaa, inaweza kuuficha upungufu wa damu huku neva zikiendelea kuharibika, na neva zikiharibika sana hazirudi zote. Vegani ameze tembe za B12 au ale vyakula vilivyoongezewa, bila kungoja dalili. Spirulina na mwani mwingine huuzwa kama chanzo cha B12, lakini kilichomo kwa sehemu kubwa ni kifananisho ambacho mwili wa binadamu hauwezi kukitumia. Anayekula mayai na maziwa kila siku anaweza kupata ya kutosha. Kipimo cha damu kitamwambia.

Madini ya chuma yanafuata. Ya mimea huingia mwilini kwa shida kuliko yale ya nyama, lakini limau, chungwa au nyanya kwenye mlo huyasaidia sana kwa sababu ya vitamini C, na chai au kahawa pamoja na mlo huyazuia. Kuisogeza chai saa moja mbele ni mabadiliko yasiyogharimu chochote. Zinki iko kwenye kunde, mbegu za maboga na ufuta. Iodini hupatikana kwenye chumvi iliyotiwa iodini. Kalisi inamtaka vegani awe makini, na ushahidi upo: katika utafiti mkubwa wa Uingereza, EPIC-Oxford, matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha vegani wakivunjika mifupa zaidi ya wala nyama, na nyonga zaidi ya mara mbili. Sehemu ya tofauti ilielezwa na uzito wao mdogo na uchache wa kalisi na protini katika chakula chao, ingawa si yote. Sitoi habari hii kumtisha mtu. Naitoa kwa sababu watetezi wa kula bila nyama huipita haraka.

Kwa mtoto mdogo mambo ni mepesi kuharibika. Anahitaji protini nyingi kwa kila kilo kuliko mtu mzima, laisini yake iwe juu zaidi, na tumbo lake ni dogo, haliwezi kubeba mabakuli. Akilelewa bila nyama, kunde zake zipondwe na kuchanganywa na karanga iliyosagwa au mafuta ili kila kijiko kiwe na uzito, mayai na maziwa yasiondolewe bila mpango, na mama anayenyonyesha akiwa vegani asikose B12, kwa kuwa maziwa yake yatakuwa na upungufu alionao yeye. Ni umri wa kwenda kwa mtaalamu wa lishe mapema badala ya kungoja kadi ya kliniki ionyeshe mstari ukilala.

Na mwenye ugonjwa wa figo asitumie namba yoyote niliyoandika hapa. Figo zilizodhoofika zinaweza kutaka protini ipunguzwe, na kunde zenyewe zina potasiamu nyingi. Kiasi chake anapangiwa na daktari wake baada ya vipimo.